Mikarafuu yangu ya Kinole ni ya nani?

Siku nne kabla ya arobaini ya mama yangu, mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 11, alinikuta uani nikipepeta pilipili manga. Alisimama kidogo akiniangalia, kisha akauliza: "Baba, tukienda Kinole tunaenda kwetu au tunaenda kwa bibi?"

Nikamjibu kwamba ni kitu kilekile. Mama yake alikuwa anaosha vyombo bombani. Alicheka bila kugeuka. "Mwambie mtoto ukweli," akasema.

Ukweli wenyewe, ndugu msomaji, ni huu. Mimi ni Mluguru wa Kinole, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mke wangu ni Mpare wa Usangi, wilaya ya Mwanga. Tulikutana hapa Dar es Salaam, tukaoana, na huu ni mwaka wa 17 tunaishi Mchikichini. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa Wapare mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Sasa piga hesabu. Kinole wanasema watoto hawa ni wa Usangi kwa mama yao. Usangi wanasema watoto hawa ni wa Kinole kwa baba yao. Pande zote mbili zinawapenda, zinawachinjia kuku, na kila upande unawaelekeza upande wa pili.

Ingekuwa mimi ndiye Mpare na yeye ndiye Mluguru, wanangu wangekuwa na mashamba kwenye milima miwili. Tulioana kinyume. Kwa miaka mingi tulilifanya jambo hili utani wa kuchekea wageni sebuleni. Mama alipofariki, utani uliisha.

Nauza viungo Kariakoo. Mezani kwangu kuna pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu, na binzari ya kuchanganya. Zaidi ya nusu ya bidhaa hiyo inashuka kutoka Kinole na Mkuyuni, na nyingine dada yangu ananifungia kwenye gunia na kuliandika jina langu kwa kalamu ya wino mzito. Wateja wengi wanadhani karafuu yote inatoka Pemba. Siku hizi sibishani nao. Nawaonyesha tu kwamba haina makonyo, wanusie, wakipenda wanunue.

Kwa hiyo mlima ninaouzungumzia hapa sijauhama hasa. Nauuza kila siku kwa kilo na robo kilo. Hata maji tunayochota pale uani kwetu Mchikichini sehemu kubwa ni ya kwetu. Mto Ruvu, ambao ndio unaonywesha jiji hili, vyanzo vyake viko Uluguru, na baada ya kuzunguka huko chini ndipo unaingia baharini upande wa Bagamoyo. Mwishoni mwa mwaka 2021 mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, jiji zima liliingia kwenye mgawo wa maji. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa Ilala, alinifuata na ndoo tupu mkononi akanitania mbele ya watu. "Ninyi watu wa Kolelo mmefunga maji. Semeni mnataka nini."

Vijana waliokuwepo hawakuelewa. Kolelo ni mahali pa matambiko kusini mwa Uluguru, na zamani Wazaramo wa huku pwani walikuwa wakituma watu kwenda kule kuomba mvua. Bibi yule alisikia habari hizo kwa wazee wake. Wanangu hawakuzisikia kwangu. Nilijisikia vibaya kidogo siku ile, nikasahau kesho yake.

Mama alifariki mwanzoni mwa Mei. Nilikwenda kumzika peke yangu kwa gari la usiku, watoto wakiwa kwenye masomo. Arobaini iliangukia likizo ya Juni, ndipo nikasema safari hii tunakwenda wote wanne.

Tulipanda treni ya SGR asubuhi. Kutoka kwetu hadi stesheni ni mwendo wa bajaji tu, unapita pembeni ya Kariakoo umefika. Nilikaa na mwanangu dirishani nikimsomea vituo: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Tulipovuka mto nikamwambia, hayo ndiyo maji ya bombani kwetu. Akayatazama akasema ni machafu. Nikamwambia juu yanakotoka ni meupe kiasi cha kuona mawe chini. Akanitazama kama ninavyotazamwa na wateja nikiwaambia karafuu inatoka Morogoro.

Baada ya Ngerengere milima ikajitokeza kushoto, imefunikwa wingu mabegani kama kawaida yake. Binti yangu wa miaka 15, ambaye njia nzima alikuwa na simu, aliinua uso. "Ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo. Nikawaeleza kidogo nilichokijua: kwamba Uluguru, Upare wa mama yao, Usambara, Nguru na Udzungwa ni mnyororo mmoja wa milima ya kale, unaoanzia Taita kule Kenya. Wataalamu wanauita Tao la Mashariki. Mama yao akadakia, "Mnasikia? Mimi na baba yenu tumetoka mlima mmoja, umekatwa vipande tu." Lilikuwa neno zuri la njiani.

Kutoka Morogoro mjini tulichukua Noah. Unatoka kwa njia ya Bigwa, unapita Kiroka, milima ukiwa nayo mkono wa kulia muda wote, kisha unaiacha barabara kubwa inayoendelea Matombo na Kisaki na kuanza kupanda. Upande huu wa mashariki ndio unaopokea upepo wa bahari, kwa hiyo mvua yake ni nyingi mno, sehemu nyingine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa pili wa mlima, wa magharibi, ni mkavu. Ndiyo maana sisi wa Kinole ni watu wa ndizi, machungwa, mananasi na viungo. Mgeta, ambako ni juu na baridi zaidi, ni watu wa kabichi, karoti na njegere, na siku hizi mbuzi wa maziwa. Mlima mmoja, lakini ukimweka mtu wa Mgeta Kinole ataumwa joto, na mimi ukinipeleka Mgeta mwezi wa saba sitoki kitandani.

Gari lilitushusha mahali ambapo zamani tulikuwa tunashukia kwa miguu. Watoto wa dada yangu walikuwa wanatusubiri. Walichukua mizigo yote vichwani wakatangulia, na mke wangu akavua viatu bila kuambiwa. Yeye ni mtu wa mlima. Wanangu ndio waliopanda kwa mikono na magoti.

Nataka nieleze kidogo jinsi tulivyo, kwa sababu bila hivyo kikao hakitaeleweka. Jina Waluguru maana yake ni watu wa milimani. Walikimbilia huko wazee wetu kutoka sehemu mbalimbali, kila kundi na ukoo wake, ndiyo maana koo ni nyingi. Ukoo tunauita lukolo. Ndani ya lukolo kuna watu wa karibu zaidi, wanaohesabiana kutoka kwa bibi mmoja, na hao ni tombo moja. Tombo ni titi, ziwa la mama. Matombo, ile tarafa ya jirani, imeitwa hivyo kwa vilima viwili vilivyosimama pamoja, na mtu akiviona hahitaji kuuliza. Ardhi ni ya tombo. Haiwi ya mtu mmoja, na inapita kwa wanawake. Mama anaipokea kwa mama yake, anaiacha kwa binti zake. Mtoto wa kiume anapewa pa kulima, kwa kuwa naye amenyonya ziwa hilo, lakini watoto wake amezaa kwenye tombo la mtu mwingine.

Kwa baba mtoto hapati ardhi, anapata mtala. Hilo ni jina na udugu na heshima za upande wa baba. Mimi mwenyewe baba yangu alitoka ukoo mwingine wa upande wa Mkuyuni. Alipofariki ndugu zake walikuja wakachukua shoka lake na redio. Shamba hawakuligusa wala kuliulizia. Halikuwa lake, ingawa alililima miaka 22.

Kinole ndiko yaliko makao ya Kingalu, chifu wetu, na Kingalu zamani sifa yake kubwa ilikuwa mvua. Lakini hata Kingalu hakugawa ardhi ya tombo la mtu. Wakoloni walihangaika sana na jambo hili. Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa akitusimulia habari za matuta. Miaka ya 50 serikali ya Kiingereza ilisema mlima unaporomoka, ikaamuru watu waukate kwa matuta ya ngazi, kazi ya lazima, anayekataa anatozwa faini. Sisi tulikuwa na matuta yetu madogo tunayolaza majani chini ya udongo, hayana shida. Haya ya Mzungu yalikuwa yanachimba mpaka udongo mwekundu usio na rutuba unakuja juu, mahindi yanatoka ya njano. Na watu walijiuliza: anayeamuru shamba langu likatwe, kesho si atasema ni lake? Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, zikatokea vurugu, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Mgeta hawakugombana sana na matuta kwa sababu mboga zao zililipa. Bibi alikuwa akimaliza hadithi hiyo kwa kuupiga udongo kwa kiganja, kama mtu anayempiga mtoto mgongoni ili alale.

Nilimsimulia mwanangu hadithi hiyo jioni ya kwanza. Aliuliza, "Lipi ndilo shamba lenyewe?" Nikamwonyesha. Ni kipande kilichoinama, kutoka nyumbani hadi kijito, ndizi juu, mdalasini katikati, na pale pembeni mikarafuu.

Mikarafuu ni yangu. Niliipanda mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino, nikiwa na miaka 18 na sina kazi. Mama ndiye aliyeniambia, panda kitu kitakachokusubiri. Tulibeba miche begani kutoka kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, miche 40, tukaipanda chini ya migomba ipate kivuli. Mkarafuu unataka subira, ni miaka 6 hadi 8 kabla hujaona kitu. Mimi nikashuka Dar kutafuta maisha. Mama akapalilia. Mavuno ya kwanza, mwaka 2005, aliyachuma yeye, akayaanika kwenye jamvi, akanitumia debe moja kwa mtu wa lori. Debe lile ndilo lililonifungulia meza Kariakoo. Leo imebaki mikarafuu 27, mikubwa, na mkarafuu unaishi kuliko mtu.

Arobaini ilisomwa salama. Watu walikuwa wengi, wali ulitosha, kila mtu alimsema mama kwa wema. Kesho yake asubuhi mjomba akaita kikao.

Mjomba ni mdogo wake mama, amebaki yeye tu. Kwa desturi zetu mjomba ana uzito kuliko baba. Tuliamkia, tukakaa kwenye baraza: mjomba, binamu zake wawili, mama mdogo, dada yangu, binti zake wawili na kijana wake, na mimi. Mke wangu na wanangu walikaa upande wa jikoni. Hakuna aliyewafukuza. Walijua wenyewe, kwa kuwa kikao ni cha tombo. Niliwaona kutoka nilipokaa: binti yangu anamenya ndizi, kijana anatuangalia.

Mambo ya nyumba na shamba hayakuchukua muda. Ni ya dada na binti zake, hilo halikuwa na ubishi hata kwangu. Ndipo nikaomba kusema. Nikasema shamba silitaki. Ninaomba ile mikarafuu 27 tu, niliyoipanda kwa mkono wangu, iandikwe kwa wanangu, ili siku nikifa waendelee kuchuma. Miti tu, udongo ubaki wa tombo.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kwa upole: "Mti mizizi yake iko wapi?"

Sikujibu.

"Mwenye mti atataka njia ya kuufikia," akasema. "Akipata njia atataka pa kuanikia. Akipata pa kuanikia atataka kibanda, maana mvua ya huku unaijua. Miaka 20 ijayo mjukuu wa dada yako atakuwa anabisha hodi kwa mjukuu wako ili apite kuchota maji. Nawapenda watoto wako. Ni mtala wetu, wakiumwa nitakwenda. Lakini mlima huu hauongezeki."

Hapo alisema kweli tupu. Juu yetu kuna msitu, na msitu una mpaka. Tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, huruhusiwi kulima wala kukata mti. Na ni sawa, kwa sababu maji yote yanatoka humo, na humo kuna viumbe ambavyo haviko popote pengine duniani, hata yule ndege mwenye kofia nyeusi na tumbo la njano ambaye wazungu wanapanda siku mbili kumtafuta na kurudi hawajamwona. Chini yetu ni mashamba ya koo nyingine. Katikati ndipo tulipo sisi, na kila mwaka tunazaliana. Shamba la bibi yangu lilikuwa la watu 5. Sasa linalisha 19.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesoma sheria alinieleza, nami nikawaeleza: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayowanyima wanawake au watoto haki ya ardhi haina nguvu. Nikasema watoto. Nikasema wanangu ni watoto. Nikasema naweza kwenda baraza la ardhi.

Sijui kwa nini nililitamka neno hilo, baraza, siku 41 baada ya kumzika mama, mbele ya mama mdogo aliyekuwa bado ana khanga nyeusi. Binamu mmoja alisimama kwenda kutema mate. Dada yangu ndiye aliyejibu, na hakunitazama.

"Kaka, mimi nilipoachika nilirudi hapa na watoto watatu na begi moja. Ilikuwa usiku. Mama alifungua mlango, hakuniuliza nimekuja kukaa siku ngapi. Wewe ulikuwa Dar. Nani mwingine aliniuliza? Hakuna. Kwa sababu ni kwangu. Binti zangu hawa nao wataolewa, mmoja anaweza kurudi usiku kama mimi. Sasa nataka akirudi amkute nani?"

Nilinyamaza. Mjomba akahitimisha: mikarafuu ni yangu mpaka siku ya kufa kwangu, na wanangu ruksa kuja kuchuma na kuuza wakati wowote nikiwa hai. Nikifa inarudi kwenye tombo, na watakaokuwepo wataamua wenyewe kama watoto hao wachume tena au la. Hati ya hakimiliki ya kimila itaandikwa kwa majina ya dada na binti zake. Nikaombwa niweke sahihi kama shahidi kwenye karatasi ya kikao. Niliweka. Mkono wangu ulikuwa mzito, lakini niliweka.

Usiku tulilala chumba cha mama. Nilimwambia mke wangu yote, na nilitegemea, kusema kweli, anihurumie. Wanangu ni wanawe pia.

"Hiyo sheria umeisoma yote?" akauliza gizani.

"Nimeisoma."

"Ilianza kutaja nani, watoto au wanawake?"

Nikanyamaza.

Akaniambia habari ambayo nusu yake nilikuwa naijua na nusu sikuwahi kuiuliza. Baba yake alipofariki Usangi, kaka zake watatu waligawana shamba la nyumbani, lenye kahawa na migomba, na sehemu ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia walilolichimba mababu. Yeye na dada yake waliitwa mwisho wa kikao wakaambiwa wachague sufuria. Alichagua ile kubwa ya ubwabwa. Ndiyo hiyo tunayopikia Idi mpaka leo, na mimi nimekuwa nikiisifia kwa wageni.

"Sijalalamika," akasema. "Kwetu ndivyo ilivyo. Lakini leo nilikuwa jikoni nawasikiliza, nikamsikia wifi yangu anasema kwangu. Miaka yangu yote sijawahi kulisema neno hilo kwa mlima wowote. Wewe unataka ulivunje kwa sababu safari hii limekuuma wewe."

Nikamwuliza, sasa wanetu waende wapi? Akasema hajui. Akasema labda siku moja akaseme na kaka zake, maana hiyo sheria yangu haiishii Morogoro. Kisha akageukia ukutani. Nilikaa macho mpaka jogoo la kwanza, nikisikia kijito. Usiku kijito kile kina sauti kubwa, mchana unakisahau.

Asubuhi nilimkuta mwanangu hayupo. Mjomba alikuwa amemchukua, wamepanda wawili mpaka kwenye mpaka wa msitu, mzee wa miaka 70 na zaidi na fimbo yake. Walirudi saa nne. Mtoto ana matope hadi kiunoni, mkononi ana gamba la mdalasini alilolimenya mwenyewe, na anamwita mjomba babu kama aliyezaliwa pale. Maji ya juu, akaniambia, kweli ni meupe. Mjomba alikaa, akanywa chai yake, hakusema chochote kuhusu kikao na mimi sikusema. Kabla hatujaondoka alimpa mtoto jina la upande wetu, la mtala. Mwanangu amekataa kunitajia sauti ikiwa juu, anasema babu alimwambia si la kupigia kelele.

Binti yangu hakuingia kwenye mambo haya. Alikaa na binti za dada yangu kijitoni, wakabadilishana namba za simu, na njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka na skrini. Tulipofika Mchikichini maji yalikuwa yametoka, akajaza madumu yote bila kutumwa.

Mimi bado sijaridhika, na sitadanganya hapa kwamba nimeridhika. Kuna siku nikiwa mezani, mteja akichukua karafuu kiganjani na kuinusa, nahesabu moyoni: 27, na hakuna hata mmoja. Halafu namkumbuka dada na begi lake moja, hesabu inavurugika naanza upya. Nimeweka pembeni kidogo kidogo nipate kiwanja cha kununua, hata nje huko Kibaha au Mlandizi, cha kuandika majina ya watoto wote wawili, wa kike na wa kiume sawasawa. Kitakuwa mchanga mtupu. Mke wangu anasema atakipanda ndizi hivyohivyo.

Wiki iliyopita dada alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni apige yeye, si mimi. Tulisalimiana, akauliza biashara, nikauliza mvua. Kisha akasema karafuu zimeanza kuwa nyekundu, zisipochumwa mapema zitafunguka, na kijana wake amekwenda Morogoro mjini kwenye kazi ya bodaboda. "Matawi ya juu sisi hatufiki," akasema. "Likizo ya Septemba walete hao watoto. Yule mdogo nilimwona anapanda vizuri. Nami nitamwonyesha asivunje tawi."

Nikasema nitawaleta. Nimekata tiketi nne.